Besi ya Baba

Nyumbani kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, nyimbo zilianzia chini. Baba alikuwa mpiga besi wa kikundi cha tarumbeta cha usharika, ile besi kubwa inayomzunguka mtu kifuani na kuchungulia juu ya bega lake, na mazoezi yake aliyafanyia kwenye migomba kila jioni, akishamaliza kukata majani ya ng'ombe. Mtu ambaye hajawahi kuishi na besi nyumba moja hajui adha yake. Besi haina wimbo. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena mara mbili, basi. Ukiisikia peke yake huwezi kujua kama ni wimbo wa Krismasi au wa mazishi. Sisi watoto tulikuwa tukibishana, na karibu kila mara tulikosea wote.

Aliyejua ni yeyo. Ndivyo tulivyomwita mama, kama Waarusha wengine wanavyowaita mama zao. Alikuwa jikoni, moshi umemjaa machoni, na baba akishapuliza mstari mmoja huko migombani, yeyo aliingiza wimbo wenyewe juu yake, kwa sauti nyembamba iliyopanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Hapo ndipo tulipojua kinachopigwa ni nini. Hawakuwahi kupanga, na sikuwahi kuwasikia wakilizungumzia. Baba akiwa chini, yeyo juu, mimi nikichambua maharage mlangoni katikati yao. Nilidhani kila nyumba ina kitu kama hicho.

Mimi sikuitaka besi. Nilitaka tarumbeta, lile dogo, la sauti ya kwanza, ambalo hata anayefunga mbuzi nje ya kanisa analisikia na kulijua. Nilikuwa na tamaa ya kusikika, sikatai. Baba alimwendea mwalimu wa kikundi akaniombea nafasi. Wazee wawili wakanung'unika kwamba msichana akipuliza mashavu yanamlegea. Baba akawajibu kwamba yake yamepulizwa tangu ujana na bado yanatafuna nyama vizuri.

Hapo alijisifu kidogo, maana meno mawili ya mbele ya chini hakuwa nayo. Rika lake lote halikuwa nayo. Zamani mtoto wa Kiarusha aling'olewa hayo mawili akiwa mdogo, ili akiugua taya likakaza apitishiwe maziwa pale pengoni, na wengine walisema ndio uzuri wenyewe. Mimi nilizaliwa desturi hiyo imekwisha. Meno yangu yalikuwa yote, ila ya kahawia, kama ya kila aliyekunywa maji ya mlima huu tangu utotoni. Nikienda Dar es Salaam nikacheka tu, watu wanajua nimetoka wapi.

Nikajifunza. Nikahamia mjini, nikapanga chumba Kimandolu, nikaanza kushona sare za shule, lakini kila Jumamosi nilipandisha nyumbani kwa mazoezi. Nilikuwa na lengo moja, na nalieleza hapa ili mtu asiyetoka kwetu anielewe. Kwetu wafu huzikwa nyumbani, kwenye migomba yao. Kwa hiyo asubuhi ya Pasaka kikundi cha tarumbeta hupanda na kushuka vilima, kikipita kila boma lililozika tangu Pasaka iliyopita. Husimama kaburini, hupiga wimbo mmoja wa ufufuo, mwinjilisti huomba, wenyeji hutoa chai, kisha safari huendelea. Wimbo huo huanzishwa na sauti ya kwanza, peke yake, mstari mzima, kabla wengine hawajaingia. Kitendo hicho tulikiita kuanzisha Pasaka. Nimewaona wajane wakinyanyua vichwa kwa mstari ule mmoja. Ndicho nilichokitaka, kuliko cherehani ya pili, kuliko nyumba, na kwa ukweli kuliko mume. Baada ya miaka mingi ya sauti ya pili, mwalimu aliniambia Pasaka inayokuja nitaanzisha mimi.

Kwaresima ilipokaribia nilianguka na bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kushuka kutoka mazoezini ilikuwa tope tupu, na tairi la nyuma likateleza. Wapo watu ambao wakianguka hujikinga uso kwa mikono. Mikono yangu ilikuwa imelikumbatia tarumbeta la usharika lisipate hata mkunjo. Halikupata. Lenyewe ndilo lililonipiga mdomoni. Meno matatu ya mbele ya juu yalibaki kwenye tope, na mdomo ukapasuka hadi karibu na pua.

Walikuja watu wengi kunipa pole. Yeyo alinilisha loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa kwenye maziwa ya mgando, chakula cha wasio na meno, watoto wachanga na mabibi. Wageni wote walisema neno moja, nimshukuru Mungu kwa kuwa ningeweza kufa. Nilishukuru, lakini nilishukuru nikiwa nimenuna. Asubuhi ya Pasaka nilikuwa kitandani, nikasikia mtu mwingine akianzisha wimbo ng'ambo ya bonde. Alianzisha vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilivuta blanketi hadi kichwani.

Daktari wa meno niliyempata mjini, huko Themi, alikuwa kijana mpole. Alinipangia mbele yangu rangi zake zote za meno ya bandia nichague inayofanana na yangu. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kwetu. Nilimwambia, "Daktari, mimi nataka ya kahawia." Akacheka akidhani namtania. Basi nikaondoka na matatu meupe katikati ya kahawia, kama mabati mapya yaliyotiwa kiraka kwenye paa kuukuu. Nilipoingia nyumbani na kumwamkia yeyo shikamoo, alinitazama mdomo, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Baba naye akacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu nianguke.

Lakini tarumbeta halikucheka. Kinywa chake ni kidogo, kinakandamiza mdomo juu ya meno yale yale ya mbele, na yangu yalikuwa ya kubandika. Upepo ulivuja pembeni. Noti za chini zilitoka zikiwa na mate na makelele. Za juu hazikutoka kabisa. Mwezi mzima nilifanya mazoezi Kimandolu baada ya kufunga kazi, nikiwa nimejifunika shuka kichwani ili wapangaji wenzangu wasinisikie. Kila nilipoanza niliomba, na kila nilipomaliza nilikuwa na damu kwenye ufizi.

Jumapili ya Pentekoste nikajiona niko tayari. Sikuwa tayari. Nilikuwa nimechoka kusubiri, na mtu aliyechoka kusubiri huweza kujidanganya vizuri sana. Nikasimama na kikundi mbele ya usharika mzima. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili, tulipofika noti ya juu, kibandiko cha meno kiliachia, kikagonga chuma kwa ndani ya mdomo, na sauti yangu ikakatika kwa mlio ambao mtoto mmoja aliuigiza papo hapo. Watu hawakukusudia kucheka. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikiwa na meno yangu kiganjani.

Nilijificha nyuma ya kanisa, penye tangi la maji. Ndani wimbo uliendelea, kisha nikasikia umebadilika, umekuwa mwepesi. Besi ilikuwa imenyamaza. Baba alikuwa ameiweka chini katikati ya ibada, akanifuata.

"Toa kichwa," aliniambia.

Nikainamisha kichwa kama mtoto anayeamkia wazee. Akaweka kiganja juu yake na hakukiondoa.

"Baba, Mungu ananisikia kweli?"

"Anakusikia."

"Basi mbona hanijibu?"

"Sijui, mwanangu. Usimsubiri kama mtu anayesubiri gari stendi. Subiri pamoja naye. Naye anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Sijui," akasema tena. Halafu akaomba, kwa Kimaa, lugha ya kwetu, maombi mafupi ambayo sikuyasikia yote kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilikasirika siku ile. Nilitaka baba anipe jibu, naye aliniambia hajui mara mbili. Leo ningetoa chochote nisimame tena nyuma ya lile tangi.

Baridi ya Julai ikampata baba kifuani. Kwetu juu Julai ni ukungu asubuhi hadi mchana, na wazee wengi hukohoa, kwa hiyo hatukuogopa mapema. Tulipoogopa tukamshusha hospitali mjini, na huko alikaa siku chache akiwa na mpira wa hewa puani. Siku ya mwisho niliyomwona akiwa na fahamu aliniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa kukubali, akafumba macho. Alfajiri yake wakatupigia simu.

Tulimzika migombani, pale alipokuwa akisimama jioni. Kikundi kilikuja chote. Mimi sikuwa nao. Nilikaa kwenye viti vya wafiwa, nimemshika yeyo mkono. Wakapiga, na wimbo haukuwa na kitu chini yake. Mpiga besi alikuwa ndani ya jeneza, na usharika haukuwa na mwingine. Nilizijua noti zake zote kwa kuzisikia tangu utoto, na kila ilipofika mahali pake nilisikia pengo. Watu waliimba kwa nguvu kuliziba. Yeyo hakuimba. Alifunga mdomo kuanzia mwanzo wa ibada hadi udongo wa mwisho, na baada ya siku ile jikoni kwetu hapakusikika wimbo tena. Besi ikabaki pembeni mwa sebule, imefunikwa shuka nyekundu ya baba. Mwalimu alituambia tukae nayo mpaka apatikane mtu.

Sasa lengo langu likageuka kiu. Pasaka inayokuja kikundi kingekuja kwetu, nami nilitaka kumwanzishia baba Pasaka. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba sitaki tena kusikika na watu. Nataka mstari mmoja tu, kwa mtu mmoja, halafu achukue tarumbeta lake. Nilifunga kula Jumatano na Ijumaa. Nilijaribu kupuliza kwa pembe ya mdomo, nikajaribu bila meno, nikajaribu kubana ulimi. Krismasi ikaja na kupita. Mwanzoni mwa Kwaresima nikaenda kwa mwalimu wa kikundi, nikampulizia mstari ule wa kuanzisha Pasaka. Alinisikiliza akiwa ameinamia mikono yake.

"Mwanangu," alisema, "hii noti ya juu haitarudi. Nakwambia kwa sababu baba yako alikuwa rafiki yangu. Usiendelee kujiumiza."

Nililiacha tarumbeta mezani kwake. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwa sababu miguu imezoea, nikakaa nyuma, na wenzangu walipoimba mimi nilihesabu mabati ya dari. Sikumwacha Mungu. Nilimnunia tu, kama ninavyomnunia mtu ambaye bado naishi naye nyumba moja.

Baada ya ibada nilimkuta yeyo anamenya ndizi. Nikachukua kisu, nikakaa karibu naye, tukamenya.

"Yeyo, nimeshindwa. Mwalimu amesema halirudi."

Aliendelea kumenya.

"Baba yako naye alilia hivi hivi," akasema.

"Lini?"

"Hujazaliwa. Alitaka hilo hilo dogo. Nani hataki lile dogo?" Akatupa ganda. "Upepo ulimtokea hapa chini, pengoni. Akaziba kwa nta ya nyuki. Akapiga nayo Jumapili, nta ikapata joto ikayeyuka, mate yakamtoka mbele za watu. Mimi nilikuwa kwaya ya wasichana. Nilicheka na wenzangu."

"Halafu?"

"Halafu hakutoka nyumbani muda mrefu. Akaja mwalimu wa wakati ule akampa besi. Mdomo wa besi ni mkubwa, unashika nje ya midomo ya mtu, haugusi meno. Alikuwa haipendi. Alikuwa akienda nayo migombani kama mtu aliyepewa adhabu. Mimi tulipooana nikamwonea huruma, besi yenyewe haina wimbo. Nikawa namwekea."

Kisu kilinisimama mkononi. Miaka yote ile nilidhani wanaimba kwa furaha ya ndoa, kumbe ilianza kwa huruma.

"Hakuniambia, Yeyo."

"Angekwambia nini? Ulitaka lile dogo. Alitaka ulipate."

Nililia juu ya sufuria la ndizi. Nilimlilia baba, nikamlilia yule kijana mwenye nta mdomoni ambaye sikuwahi kumjua. Nilipokumbuka alivyoiacha besi chini siku ya Pentekoste, nikaelewa kwamba alijua kila kitu kilichokuwa kiganjani mwangu. Naye alikuwa amesema hajui. Nadhani alisema ukweli. Kujua kilichompata yeye hakukumpa haki ya kuniahidi mimi.

Jioni ile nikaifunua besi. Ilinukia chuma na tumbaku ya kunusa. Nikaibeba hadi migombani, ikanilemea bega, nikaweka midomo. Ni kweli, mdomo wake unazunguka nje, meno yangu meupe hayakusukumwa hata kidogo. Sauti ya kwanza niliyoitoa ilijibiwa na ng'ombe wa jirani. Ya pili ng'ombe hakujibu, nikaona ni maendeleo.

Kwaresima yote nilipandisha kila nilipoweza. Mkono ulikufa ganzi, kichwa kilizunguka kwa kukosa pumzi, lakini sauti ilitoka, na haikuvuja. Sikuipenda. Nilijisikia kama mtu aliyeomba mkate akapewa shamba la ngano na jembe. Na kila jioni, nikishapuliza mstari wa kwanza, nilizuia pumzi na kusikiliza upande wa jikoni. Nilisikia kuni na mfuniko wa sufuria. Sauti ya yeyo haikuja. Nilipiga nyimbo zote alizozipenda, polepole, kwa makosa mengi. Nikawaza labda napiga vibaya kiasi kwamba hazitambui. Nikawaza labda anazitambua, na ndiyo maana. Nilimwombea, kwa sababu kwa ajili yangu maneno yalikuwa yameisha. Kumwuliza sikuthubutu.

Asubuhi ya Pasaka nilishuka usharikani kungali na ukungu, nikasimama nyuma ya kikundi, mahali pa baba. Mwalimu alinitazama, akatazama besi, akavua kofia kidogo, akaendelea kugawa mpangilio wa safari. Tulipita maboma mengine kwanza. Jua lilikuwa limeshatoka tulipofika kwetu. Yeyo alisimama kaburini na kanga mpya, wajomba na shangazi wamemzunguka. Akaanzisha kijana ambaye sasa ndiye sauti ya kwanza. Alipuliza mstari wangu, wote, safi, na wivu ulinipanda hata mbele ya kaburi la baba. Halafu zamu ya wengine ikafika, nikavuta pumzi, nikaingia chini yao. Nilikosea mara mbili. Lakini wimbo ulikuwa na kitu chini yake. Ndugu waliimba wote. Yeyo alikuwa amefunga mdomo, anatazama udongo.

Mwinjilisti akaomba, watu wakasogea uani kunywa chai. Yeyo akaenda jikoni kuiepua. Nikabaki peke yangu migombani. Bega lilikuwa linauma, midomo imekufa, na nilikuwa na huzuni kuliko nilivyotarajia. Kile nilichokuwa nimekiomba mwaka mzima kilikuwa kimefanyika, kwa pumzi ya mtu mwingine, na baba bado alikuwa chini ya udongo. Nikamwambia, kwa sauti, "Baba, hii ndiyo niliyonayo." Nikapiga besi ya wimbo ule, ile isiyo na wimbo, mngurumo, kimya, mngurumo mara mbili.

Nilipofika mstari wa pili, sauti ikatoka jikoni. Ilikuwa imekauka kwa kutotumika, na ilipanda kidogo kuliko inavyotakiwa, kama zamani. Mazungumzo ya uani yakatulia. Sikugeuka kutazama, niliogopa atanyamaza. Machozi yalishuka hadi kwenye chuma, nikaendelea kupuliza. Ubeti ukaisha, naye akaanza wa pili, nami nikamfuata.